Makunyanzi Yanayonasa Jua

Njia panda ya Mtambile, kisiwani Pemba, ina shughuli zake. Gari zinazotoka Chake Chake kuwahi meli Mkoani hupita hapo, na hapo ndipo inapochepuka barabara ya Kengeja na Mwambe. Mahali pa namna hiyo hapakosi duka la vifaa vya umeme, na duka la vifaa vya umeme siku hizi halikosi paneli za sola zilizoegemezwa ukutani. Mnunuzi huuliza wati, huuliza bei, huuliza kama kuna waranti, kisha huigonga fremu kwa kidole kama anayechagua nazi. Haulizi uso wa seli zilizo chini ya kile kioo una umbo gani. Na kwa nini aulize? Uso huo una vilima vidogo ambavyo jicho haliwezi kuviona.

Lakini kwa zaidi ya miaka thelathini umbo la vilima hivyo liliwashughulisha watafiti wa Uswisi, Ujerumani, Uholanzi na Japani, mpaka wakafika kuvipiga chapa mfano wa muhuri unavyopigwa juu ya lakiri. Teknolojia waliyokuwa wakiihangaikia, sola ya utando mwembamba wa silikoni, haikuwa ngeni kwetu. Iliwasha taa na televisheni katika nyumba za Kenya kabla nyumba nyingi za Ulaya hazijawa na paneli hata moja. Kwa hiyo kisa cha uso huo ni kisa chetu pia, na kina mambo ambayo mnunuzi wa Mtambile angefaidika kuyajua.

Tatizo linaanzia kwenye silikoni yenyewe. Haina pupa ya kumeza mwanga. Mwanga wa buluu huumaliza upesi, ndani ya nusu mikromita hivi. (Mikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita, unywele wa mtu una unene wa mikromita 70 hivi.) Mwanga mwekundu hupenya zaidi, na ule usioonekana ulio jirani na wekundu hupenya zaidi tena: wimbi la nanomita 1,000 huhitaji zaidi ya mikromita 100 za silikoni ya fuwele ili sehemu kubwa yake imezwe. Ndiyo maana seli za kawaida hukatwa kutoka kwenye magogo ya silikoni, kila kipande kikiwa na unene wa mikromita 150 hivi. Kusafisha silikoni hiyo, kuiyeyusha na kuikuza kuwa gogo ni kazi inayokula moto mwingi, na msumeno unapopita, sehemu yake hugeuka unga.

Wazo la utando mwembamba lilikuwa kuikwepa gharama hiyo yote. Gesi ya saileni, yenye silikoni na haidrojeni, huingizwa katika chumba kilichonyonywa hewa, huvunjwa kwa umeme, na silikoni ikajitandaza juu ya kioo, plastiki au bamba la chuma kwenye joto la nyuzi 200 hivi. Mwaka 1976 David Carlson na Christopher Wronski, katika maabara za kampuni ya RCA nchini Marekani, walitangaza seli ya kwanza ya silikoni amofasi, yaani isiyo na mpangilio wa fuwele. Ilibadili asilimia 2.4 tu ya nguvu ya jua kuwa umeme. Silikoni hiyo humeza mwanga unaoonekana vizuri kuliko ya fuwele, kwa hiyo theluthi moja ya mikromita huitosha kwa sehemu kubwa. Baadaye ikaja silikoni ya fuwele ndogondogo, inayotandazwa kwa unene wa mikromita moja hadi tatu ili ishughulikie wekundu. Mali ghafi ikapungua mara kadhaa, pengine mara mamia.

Basi mwanga mwekundu ukaingia, ukavuka utando, ukagonga kioo cha nyuma, ukarudi, ukatoka zake.

Mtu wa Pemba hahitaji kwenda mbali kupata mfano wa suluhisho. Mvua inayoanguka juu ya paa la bati huteremka papo hapo. Mvua hiyo hiyo ikianguka katika ardhi ya vilima na mabonde, kama ile inayoizunguka Mtambile, hupinda, huzunguka, hutuama kwenye mabonde ya mpunga, na ardhi hupata wasaa wa kuinywa. Mwanga nao ukikuta uso ulionyooka hupita wima. Ukikuta uso wenye makunyanzi hutawanywa ukaenda ubavu, ukasafiri kimshazari ndani ya silikoni, na kwa kuwa silikoni huupinda mwanga kwa nguvu sana, mwanga uliolala kimshazari hushindwa kutoka. Huakisiwa ndani kwa ndani, juu na chini, tena na tena. Mwaka 1982 mwanafizikia Eli Yablonovitch alikokotoa kikomo cha mchezo huo: kwa mwanga unaomezwa kwa shida, safari yake ndani ya tabaka linalotawanya vizuri inaweza kurefuka hadi mara nne ya mraba wa kipimo cha mpindo. Kwa silikoni kipimo hicho ni 3.5 hivi, na hesabu inatoa karibu 50. Utando wa mikromita moja unafanya kazi ya mikromita 50. Hapo ndipo uhai wote wa teknolojia hii ulipoegemea.

Sasa, kipande kinene cha silikoni hukwaruzwa chenyewe. Hutumbukizwa katika maji makali ya kostiki, kemikali ikala uso wake kwa kufuata mpangilio wa fuwele, zikabaki piramidi za mikromita kadhaa. Utando wa mikromita moja hauwezi kufanyiwa hivyo. Ukitafuta piramidi za mikromita tano ndani yake, hutabaki na utando. Kilichobaki ni kulichonga tandiko lake, yaani kile kitu ambacho silikoni hutandazwa juu yake, ili utando ukilala uchukue umbo la chini yake kama shuka inavyochukua umbo la godoro.

Njia za mwanzo ziliyaacha maumbile yachonge. Kampuni ya Asahi ya Japani ilitengeneza kioo chenye tabaka la oksidi ya bati lililoota piramidi ndogo, na kioo hicho kikawa kipimo ambacho maabara nyingi zilijilinganisha nacho. Huko Neuchâtel, Uswisi, katika maabara iliyoanzishwa na Arvind Shah miaka ya 1980, walikuza oksidi ya zinki kutokana na mvuke, ikaota piramidi zake yenyewe. Jülich, Ujerumani, walitandaza oksidi ya zinki laini kisha wakaitumbukiza kwa muda mfupi katika asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa sana, ikaacha vishimo kama vya uso wa mwezi.

Njia hizo tatu zilizalisha paneli za kweli, lakini zilikuwa na pingu moja. Tabaka lile lile lililotawanya mwanga ndilo lililobeba umeme. Ukitaka vilima vikubwa zaidi, ulilazimika kuongeza unene wa tabaka. Likinenepa, lilianza kumeza mwanga uliokusudiwa silikoni. Ukilitaka lipitishe umeme vizuri zaidi, uliongeza kemikali, na vilima vikabadilika umbo. Mtafiti alikuwa kama mpishi mwenye jiko moja na masufuria mawili.

Kupiga chapa kulikata pingu hiyo. Mwaka 1995 Stephen Chou na wenzake, akiwa Chuo Kikuu cha Minnesota, walionyesha kwamba maumbo madogo kuliko sehemu moja ya kumi ya mikromita yanaweza kuhamishwa kutoka kwenye kalibu kwenda kwenye plastiki laini kwa kugandamiza tu. Sonara anaijua kazi hiyo kwa vidole vyake. Wanaotengeneza sola waliichukua na kuirahisisha. Kwanza hupatikana uso mama, ambao unaweza kuwa ile ile oksidi ya zinki yenye piramidi, silikoni iliyochongwa au bamba lililochimbwa kwa mpangilio. Juu yake humwagwa silikoni ya mpira (aina inayonyumbuka, jamaa ya ile inayozibia madirisha), ikiganda huvuliwa kama ngozi, na ndani yake pamebaki umbo la kinyume la uso mama. Ngozi hiyo ndiyo muhuri. Tone la utomvu wa plastiki huwekwa juu ya kioo, karatasi ya plastiki au bamba la chuma, muhuri hugandamizwa, mwanga wa urujuanimno humulikwa, na utomvu huwa mgumu kwa muda mfupi. Muhuri huvuliwa, hutumika tena. Kisha hufuata fedha ya kuakisi, oksidi ya zinki nyembamba, na hatimaye silikoni.

Faida yake ni kubwa kuliko inavyosikika. Umbo sasa linachaguliwa peke yake, na tabaka la umeme linachaguliwa peke yake. Plastiki ya bei nafuu isiyostahimili moto inaweza kupewa uso ambao kwa kawaida huota juu ya kioo kwenye joto kubwa. Na kazi inaweza kufanyika kwa mabunda, karatasi ikipita kati ya magurudumu kama gazeti linavyochapwa. Mwaka 2011 Corsin Battaglia na wenzake wa kundi la Christophe Ballif huko Neuchâtel, lililo chini ya chuo cha EPFL, walikwenda hatua moja zaidi: walichapia umbo hilo kwenye elektrodi yenyewe ya oksidi ya zinki, ikachukua sura waliyoitaka badala ya ile inayoota kwa mapenzi yake.

Mfano unaoeleweka haraka kuliko yote ulitoka nje ya silikoni. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walichukua diski ya Blu-ray ya filamu ya Jackie Chan, wakapiga chapa ya vijishimo vyake kwenye seli ya sola ya plastiki, na umezaji wa mwanga ukapanda kwa asilimia 21.8. Vijishimo vya diski viko karibu na ukubwa wa mawimbi ya mwanga, na mpangilio wake si wa kujirudia sawasawa wala si wa ovyo kabisa, hali inayofaa kunasa rangi nyingi kwa mpigo. Bamba la kuchapia filamu, lililotengenezwa kwa ajili ya burudani sebuleni, lilikuwa tayari limekamilisha nusu ya kazi ya uhandisi wa jua.

Hata hivyo makunyanzi yana deni lake. Silikoni ya fuwele ndogondogo ikikua juu ya mabonde yenye ncha kali kama herufi V, pande mbili hukutana vibaya katikati na kuacha nyufa nyembamba. Nyufa hizo huvujisha umeme na kushusha volti. Watafiti wa Neuchâtel waliligundua hilo mapema na wakawa wanayalainisha mabonde hadi yafanane na U, huku wakikubali kupoteza sehemu ya mwanga ili kuokoa volti. Hili ndilo lililokuwa fumbo halisi la fani nzima, na kwa maoni ya mwandishi huyu ndilo linaloifanya iwe nzuri: umbo linalopendwa na mwanga ndilo linalochukiwa na fuwele. Chapa iliwapa watu nafasi ya kujaribu maumbo kwa mamia mpaka wapate suluhu. Taasisi ya AIST ya Japani ilifika mbali kwa matandiko yenye vishimo vilivyopangwa kama sega la nyuki, ikafikisha asilimia 11.9 kwa silikoni ya fuwele ndogondogo peke yake mwaka 2017 na asilimia 14.0 kwa tabaka tatu zilizopandana mwaka 2016.

Tuirudie Kenya, maana huko utando mwembamba ulikutana na maisha. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980, mafundi kama Harold Burris na Mark Hankins walipofunga sola katika shule za upande wa Meru, soko lilikua lenyewe, watu wakinunua kwa fedha zao madukani bila ruzuku. Bidhaa iliyopendwa ilikuwa kioo cha silikoni amofasi cha futi moja kwa tatu, chenye rangi ya kahawia iliyokolea, cha wati 10 hadi 14. Kilitosha taa moja mbili, redio, na televisheni ndogo isiyo ya rangi ikiendeshwa na betri ya gari. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 nyumba zaidi ya laki moja zilikuwa na mitambo ya namna hiyo.

Lakini silikoni amofasi ina maradhi yake ya kuzaliwa, yaliyoelezwa na David Staebler na Wronski mwaka 1977: mwanga wenyewe huidhoofisha katika miezi ya kwanza. Paneli iliyong'ara dukani ilishuka, wakati mwingine kwa robo ya nguvu yake, kabla ya kutulia. Utando ukiwa mwembamba zaidi, ugonjwa hupungua. Na ili utando uwe mwembamba bila kupoteza mwanga, unahitaji uso unaonasa vizuri. Makunyanzi yale, kwa hiyo, yaliongeza umeme wa siku ya kwanza na pia yaliamua mkulima wa Meru atabaki na nini mwaka wa tatu.

Mkulima angejuaje? Hakuwa na njia. Vioo viwili vya rangi moja na ukubwa mmoja viliweza kutofautiana vibaya. Richard Duke, Arne Jacobson na Daniel Kammen, waliochapisha matokeo yao mwaka 2002, walizipima paneli hizo na kukuta kwamba baadhi ya chapa za amofasi zilifanya kazi karibu na ahadi yake, na nyingine zilikuwa chini kabisa ya kilichoandikwa kwenye lebo. Jina baya likaangukia amofasi yote, nzuri na mbovu. Upimaji ulipowekwa hadharani, waliokuwa nyuma walisukumwa kurekebisha mambo. Kifaa kilichosafisha soko kilikuwa mita, pamoja na mtu wa kuandika alichosoma juu yake.

Visiwani mambo yalikwenda kwa mwendo mwingine. Profesa R. T. Kivaisi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika mwaka 2000 kuhusu mtambo wa sola wa kilowati 3 uliofungwa kijijini Umbuji, Unguja, ukihudumia shule na kituo cha afya. Pemba kwa miaka mingi ilitegemea jenereta za dizeli za Wesha, mpaka mwaka 2010 ulipozinduliwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, wenye uwezo wa megawati 25, uliojengwa kwa msaada wa Norway. Tangu hapo sola ya Pemba imekuwa ya wale walio mbali na nguzo, ya visima, na ya anayetaka akiba ya taa umeme ukikatika. Na jua la Pemba si la moja kwa moja kila siku. Anayeanika karafuu wakati wa vuli anajua jinsi wingu linavyoweza kumlazimisha kukunja jamvi mara tatu kabla ya adhuhuri. Mwanga uliotawanywa na mawingu, pamoja na joto kali juu ya bati, ni mazingira ambayo silikoni amofasi huyavumilia vizuri: nguvu yake hushuka kwa asilimia 0.2 hivi kwa kila nyuzi moja ya joto, wakati ile ya fuwele ya zamani ilishuka kwa takribani mara mbili ya hapo.

Kwa hoja hizo mtu angetarajia mapaa yetu yawe ya kahawia hadi leo. Hayako hivyo, na sababu ni bei. Mwaka 2008 kilo moja ya silikoni safi iliuzwa kwa zaidi ya dola 400 katika soko la papo kwa papo, na viwanda vya utando mwembamba vikamiminika. Kisha viwanda vipya vya silikoni, hasa China, vikafunguliwa, bei ikaanguka, na kufikia 2024 kilo ilikuwa chini ya dola 10. Hoja nzima ya kuiwekea akiba mali ghafi ikayeyuka. Kampuni ya Applied Materials iliacha kuuza mitambo yake ya utando mwaka 2010. Energy Conversion Devices, iliyotandaza silikoni juu ya chuma, ilifilisika 2012. Mwaka huo huo Oerlikon ya Uswisi iliiuza kampuni yake ya sola kwa Tokyo Electron, ambayo nayo ilijitoa 2014. Hata kiwanda cha paneli kilichofunguliwa Naivasha mwaka 2011 kilichagua silikoni ya fuwele.

Wapo wanaosimulia hayo kama kushindwa kwa sayansi. Si haki. Chapa ilitatua tatizo ililopewa; soko ndilo lililoliondoa tatizo mezani. Ujuzi wenyewe umehamia kwingine. Seli mpya zinazopandanisha mali nyingine, perovskaiti, juu ya silikoni zinarudia mgogoro ule ule wa uso unaopendwa na mwanga na kuchukiwa na tabaka linalokua juu yake. Na kioo cha paneli za leo hupitishwa kwenye magurudumu yenye nakshi kingali moto, ili kipunguze mng'aro na kuelekeza mwanga ndani. Mteja wa Mtambile akipitisha kidole juu ya paneli nyingi atahisi ukwaruvu mdogo. Hiyo ni chapa, ingawa imepigwa kwenye kioo.

Je, Afrika Mashariki ina nafasi hapo? Ipo, na ni ya kweli. Idara ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imefanya utafiti wa tando nyembamba kwa miongo kadhaa kwa ushirikiano na Uppsala, Sweden, oksidi ya zinki ikiwemo. Chumba cha kunyonya hewa ni ghali, lakini muhuri wa mpira, utomvu na taa ya urujuanimno ni vitu ambavyo maabara ya kawaida inaweza kuvimudu, na maswali yaliyobaki yanatuhusu zaidi kuliko yanavyomhusu mtu wa Neuchâtel: uso upi hushika vumbi na chumvi ya bahari kidogo zaidi, upi hunasa vizuri mwanga wa mawingu, upi hudumu katika unyevu wa pwani. Kuyaachia maabara za nchi zenye theluji maswali hayo ni kukubali kupimiwa kwa pishi ya mwenzako.

Lililo karibu zaidi halihitaji hata maabara. Pemba ina kituo cha mafunzo ya amali Vitongoji, na fundi anayefunga sola tayari ana mita mkononi. Kinachokosekana kwa mnunuzi ni mizani ya kulinganishia. Paneli moja iliyopimwa kitaalamu ikahifadhiwa hapo, na nyingine kama hiyo katika kila mji wenye maduka, ingetosha kuanzia. Ile ya mizani na ile ya kuuzwa hulazwa bega kwa bega zikielekea jua, uso umefutwa, mita ikiwa kwenye ampea, kwa sababu joto huyumbisha volti lakini mkondo wa umeme hauyumbi sana. Kila moja husomwa kwa kugusanisha nyaya zake kupitia mita, na namba hulinganishwa na zile za lebo. Kwa ile ya utando mwembamba, kama bado inapita sokoni, jambo hilo hurudiwa baada ya miezi mitatu minne juani, kwa kuwa siku ya kwanza husema nusu ya habari. Siku ya kiangazi, saa sita mchana pale njia panda, kila upimaji humalizika kabla kivuli cha mnazi hakijazifikia paneli.